Sauti ipo leo, kesho haipo: mwongozo kamili wa kung'oa draiva mbovu ya sauti kwenye Windows

Kama umefika hapa, huenda draiva ya sauti, yaani programu inayoiwezesha Windows kuendesha kadi ya sauti, umeshaipakua mara tatu au nne. Ukasakinisha, sauti ikaja, ukafurahi. Kesho yake ukawasha kompyuta: alama ya spika pale chini kulia ina msalaba mwekundu, na ukiisogelea kwa kipanya inakuandikia “No Audio Output Device is installed”. Ukarudia yote. Ikawa vilevile.

Maswali ninayoulizwa kuhusu sauti karibu yote yanaishia hapo, na wanaouliza mara nyingi wamesakinisha vizuri tu. Shida yao ni kwamba wameweka draiva nzima juu ya mbovu, na ile mbovu haijaondoka. Windows ina ghala lake la draiva, folda iitwayo FileRepository ndani ya DriverStore, na kila draiva iliyowahi kuingia huhifadhiwa humo. Kadi ya sauti ikitambuliwa upya, Windows hupekua ghala: hutazama ipi inalingana zaidi na namba ya kadi, zikilingana sawa hutazama tarehe, halafu toleo. Draiva yako nzuri ya 2019 itashindwa na mbovu ya 2022, hata kama hiyo ya 2022 haitoi hata mlio.

Kwa hiyo leo tunang'oa kwanza, tunaweka baadaye, kisha tunafunga mlango. Tenga saa mbili hivi. Mwongozo ni wa Windows 10 na 11, na majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini.

## Vitu vya kuandaa

- Flashi ya GB 8 au zaidi, iliyo tupu.
- Hedifoni za waya ambazo una hakika ni nzima. Zijaribu kwenye simu au redio kwanza.
- Bando la kutosha. Draiva za sauti za laptopu za siku hizi zinaweza kufika mamia ya MB, kwa hiyo usianze ukiwa na MB 100 zilizobaki.
- Akaunti yenye ruhusa ya Administrator. Kama kompyuta ni ya ofisi na huna nenosiri hilo, muite mwenye nalo mapema.
- Chaji iliyojaa, au UPS kwa kompyuta ya mezani. Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji unapata draiva nusu, na nusu ni mbaya kuliko kukosa kabisa.
- Kalamu na karatasi. Utahitaji kunakili namba, na kuna wakati kompyuta itakuwa inajizima na kujiwasha huku wewe unajiuliza ulifikia wapi.

Programu zinazodai kukutafutia na kukusasishia draiva zote kwa mbofyo mmoja hazimo kwenye orodha, na sikuzisahau. Nyingi huchagua draiva kwa kubahatisha jina la chipu, na ndizo zinazojaza ghala takataka tutakayohangaika nayo hatua ya 7. Kama unayo moja, iondoe sasa.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni draiva

Using'oe kitu kizima. Kuna majaribio matatu, na yote kwa pamoja hayamalizi dakika kumi.

Sauti inaelekea wapi? Bofya alama ya spika uone jina la kifaa kilichochaguliwa. Kompyuta iliyowahi kuunganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI, au na spika ya Bluetooth, inaweza kuendelea kupeleka sauti huko wakati wewe unatega sikio kwenye spika zake yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `mmsys.cpl`, bonyeza Enter. Cheza wimbo wowote na utazame vijistari vilivyo kando ya kila kifaa. Vikipanda na kushuka kwa rangi ya kijani lakini husikii kitu, Windows inatoa sauti. Tatizo lako ni spika, waya au tundu la hedifoni, na mwongozo huu hautakusaidia.

Chomeka hedifoni. Zikisikika huku spika za laptopu ziko kimya, draiva inafanya kazi. Mara nyingi kile kiswichi kidogo ndani ya tundu kimekwama, kompyuta inadhani hedifoni bado zimo. Chomeka na kuchomoa mara kumi, taratibu. Vumbi ndilo mkosaji wa kawaida.

Zima kabisa. Shikilia Shift huku ukibofya Shut down. Chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha washa. Sababu ni hii: Windows ina kipengele cha Fast Startup, ambacho ukizima kawaida huhifadhi hali ya mfumo kwenye diski na kuirudisha ukiwasha. Draiva iliyoganda jana inaamka leo ikiwa imeganda vilevile. Restart haina tabia hiyo, ndiyo maana kila ninaposema “washa upya” hapa chini namaanisha Restart.

Kama baada ya hayo msalaba mwekundu bado upo, au kifaa kina pembetatu ya njano, twende mbele.

## Hatua ya 2: Soma kinachosemwa na Device Manager

Bonyeza Windows na X, chagua Device Manager. Fungua kundi la “Sound, video and game controllers”, halafu “System devices”, na “Other devices” kama lipo. Bofya mara mbili kifaa cha sauti usome kisanduku cha “Device status”. Namba inayotolewa pale ina maana:

- Code 28: draiva haipo kabisa. Hii ndiyo rahisi kuliko zote.
- Code 10: draiva ipo ila kifaa hakiwezi kuanza. Mara nyingi draiva si ya kadi hiyo, au draiva nyingine inayoitegemea haijasakinishwa.
- Code 39: faili ya draiva imeharibika au imepotea.
- Code 52: Windows haikuweza kuthibitisha saini ya kidijitali ya draiva. Draiva hiyo usiilazimishe, tafuta nyingine.
- Code 22: mtu amekizima. Bofya Enable, umemaliza, kanywe chai.

Kuna hali moja inayowachanganya wengi: chini ya “Sound” hakuna Realtek wala Conexant (kampuni zinazotengeneza chipu za sauti), lakini chini ya “Other devices” kuna kitu kinaitwa “Multimedia Audio Controller” chenye alama ya njano. Hapo kadi ya sauti haijaonekana kabisa, kwa sababu njia inayoiunganisha na kompyuta haina draiva. Ukimwaga Realtek kumi haitasaidia, kwani hakuna wa kuipokea. Andika hilo kwenye karatasi, tutalikuta hatua ya 9.

## Hatua ya 3: Nakili namba ya kadi

Ukiruka hatua hii usishangae kurudi mwanzo.

Bofya kifaa cha sauti kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, nenda Details, na kwenye orodha ya Property chagua “Hardware Ids”. Nakili mstari wa juu. Utafanana na huu:

`HDAUDIO\FUNC_01&VEN_10EC&DEV_0256&SUBSYS_103C...`

Ukiujua kuusoma, unakueleza mengi kuliko stika iliyobandikwa chini ya laptopu.

VEN ni mtengenezaji wa chipu: 10EC ni Realtek, 14F1 ni Conexant, 8086 ni Intel, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Hizo tatu za mwisho zikitokea kwenye kundi la sauti, kwa kawaida ni sauti ya kwenda kwenye televisheni kwa HDMI. Hakikisha hunakili namba ya hizo. Nimeona mtu akihangaika wiki nzima na draiva ya NVIDIA wakati spika zake zinaendeshwa na Realtek.

DEV ni chipu yenyewe. SUBSYS ni kampuni iliyounda kompyuta: ikianza na 103C ni HP, 1028 ni Dell, 17AA ni Lenovo, 1043 ni ASUS, 1025 ni Acer. Hii ina faida kubwa kwa sisi wanunuzi wa laptopu za mtumba. Ganda linaweza kubadilishwa na stika ikabandikwa upya, lakini SUBSYS imo kwenye ubao.

Tazama pia neno la kwanza kabisa. `HDAUDIO` maana yake kadi inapita njia ya kawaida ya Windows. `INTELAUDIO` maana yake inapita kwenye Intel Smart Sound Technology, na itakubidi uwe na draiva mbili badala ya moja.

Mwisho, bonyeza Windows na R, andika `msinfo32`, unakili System Model. Kwa kompyuta ya mezani ya kuunga mwenyewe nakili BaseBoard Product.

## Hatua ya 4: Pakua draiva ukiwa bado na intaneti

Nenda tovuti ya kampuni iliyounda kompyuta yako, wala si ya Realtek. Realtek hutengeneza chipu tu. Kampuni ya kompyuta ndiyo inayoamua pini ipi iende spika ya kushoto na ipi iende kipaza sauti, na maelezo hayo yamo ndani ya draiva yao. Ukichukua ya kampuni nyingine yenye chipu ileile, inaweza kusakinishwa bila malalamiko na sauti isitoke.

Ingiza modeli, au namba ya utambulisho ya kompyuta. Kwa Dell inaitwa Service Tag, ina herufi na tarakimu saba. Stika ikiwa imefutika, fungua PowerShell uandike:

`Get-CimInstance Win32_BIOS`

Pakua hivi kwenye flashi:

1. Draiva ya Chipset, yaani ya chipu za ubao zinazounganisha vifaa vingine na kompyuta.
2. Draiva ya Audio.
3. Intel Smart Sound Technology, kama imetengwa peke yake. Kwa kompyuta nyingi imefungwa ndani ya hiyo ya Audio.

Kama tovuti inaonyesha matoleo mawili au matatu ya Audio, chukua la sasa na lililotangulia. Bando litalia kidogo, lakini toleo jipya likikusaliti hutalazimika kurudi mtandaoni katikati ya kazi.

Kompyuta ikiwa kuukuu na ukurasa wake umefungwa, ingia Microsoft Update Catalog, tafuta kwa kuandika `VEN_10EC&DEV_0256` kwa namba zako. Faili utakazopata huko zinaishia na `.cab`. Kuifungua:

`expand -F:* D:\sauti.cab D:\sauti`

Folda ya `sauti` uitengeneze kabla ya kutoa amri, na badala ya D weka herufi ya flashi yako.

## Hatua ya 5: Weka akiba

Windows na R, `sysdm.cpl`, kisha System Protection, kisha Create. Hiyo ni restore point, alama ya kurudishia Windows ilivyokuwa; ipe jina utakalolikumbuka. Halafu fungua Command Prompt kama Administrator, tengeneza folda ya `akiba` kwenye flashi, uandike:

`pnputil /export-driver * D:\akiba`

Itanakili draiva zote zisizo za Windows yenyewe. Kama utakosea huko mbele na kufuta draiva ya Wi-Fi, utaishukuru folda hii.

## Hatua ya 6: Kata intaneti

Zima Wi-Fi, chomoa waya wa mtandao, zima na ile ya simu inayogawa bando. Usiiwashe mpaka nitakapokuambia.

Watu wanaichukulia hatua hii kama ya hiari. Sekunde chache tu baada ya kung'oa draiva, Windows Update inaweza kuishusha ileile kimyakimya, na wewe ukaja kusakinisha mpya juu yake bila kujua. Na si lazima inachokishusha kiwe sahihi: mwezi Oktoba 2018 Microsoft wenyewe walikiri kuwa draiva ya sauti ya Intel, toleo 9.21.00.3755, ilisambazwa kimakosa kupitia Windows Update. Ikanyamazisha kompyuta za watu, na ikabidi watoe sasisho jingine, KB4468550, la kuiondoa.

## Hatua ya 7: Ng'oa hadi mzizi

Hapa twende polepole.

Kwanza, programu. Settings, Apps, Installed apps; kwenye Windows 10 ni Apps & features. Tafuta “Realtek High Definition Audio Driver”, “Realtek Audio Driver”, au Conexant. Uninstall. Ikikuuliza kama iwashe upya, mwambie baadaye.

Pili, vifaa. Rudi Device Manager, bofya View kisha “Show hidden devices”. Vifaa vya kale vitatokea vikiwa vimefifia. Chini ya “Sound”, bofya kulia kifaa cha Realtek, chagua Uninstall device, na weka tiki kwenye kisanduku cha “Attempt to remove the driver for this device”. Kwenye matoleo ya zamani kimeandikwa “Delete the driver software for this device”. Bila tiki hiyo umekiondoa kifaa machoni tu. Draiva imebaki ghalani inakusubiri. Fanya hivyo kwa kila chenye jina la Realtek hapo, na pia chini ya “Software components” kama kuna vya Realtek vinavyohusu sauti.

Tatu, ghala. Hapa ndipo karibu kila aliyeshindwa aliishia, kwa kuwa kisanduku cha tiki huondoa draiva inayotumika sasa tu. Zile za nyuma yake zinabaki. Kwenye Command Prompt ya Administrator:

`pnputil /enum-drivers > D:\orodha.txt`

Ifungue faili hiyo kwa Notepad, bonyeza Ctrl na F, tafuta neno Realtek. Kila draiva ina aya yake: Published Name, Original Name, Provider Name, Class Name, Driver Version.

Jirani yangu aliniletea laptopu ya mtumba iliyokuwa inanyamaza kila baada ya siku mbili. Mwanawe alikuwa ameshaisakinishia sauti mara nyingi hata hakumbuki. Nilipofungua orodha nikakuta tatu za sauti: oem14.inf, oem27.inf na oem41.inf, zote za kadi ileile, kila moja na tarehe yake. Moja ilikuwa ya mwenye laptopu wa kwanza. Nyingine kijana aliitoa kwenye tovuti ya kuokoteza. Ya tatu ililetwa na Windows. Kila alipofuta moja, nyingine ilikuwa inapanda kwenye kiti. Tulizifuta zote tatu jioni moja, na laptopu haijarudi tena kwangu kwa ajili ya sauti.

Kufuta ni hivi, ukiweka namba iliyo kwenye Published Name yako:

`pnputil /delete-driver oem14.inf /uninstall`

Ikikataa kwa kusema draiva inatumika, ongeza `/force` mwishoni.

Onyo, na tafadhali lisome mara mbili. Realtek hutengeneza pia kadi za mtandao, Wi-Fi na visomaji vya kadi za kumbukumbu. Usifute kwa kuona jina la Realtek peke yake. Soma Class Name: za sauti zimeandikwa MEDIA au “Sound, video and game controllers”. Ikiwa “Net” au “Network adapters”, iache. Zilizoandikwa “Extensions” au “Software components” zitazame kwenye Original Name. Kama ni ya sauti jina lake huwa na dalili, mfano `realtekapo.inf` au `realtekservice.inf`. Ukiwa na shaka, iache.

Utajuaje umefaulu? Toa orodha upya. Usione draiva yoyote ya Realtek, au Conexant kama ndiyo yako, kwenye kundi la MEDIA.

## Hatua ya 8: Washa upya, usikilize

Restart. Intaneti bado imekatwa.

Windows haitakuta draiva ya kampuni, hivyo itatumia ya kwake ya jumla. Kwenye Device Manager utaona “High Definition Audio Device”, na ukitazama kichupo cha Driver, mtoaji ni Microsoft. Cheza wimbo.

Ikiwa sauti imetoka, una uamuzi wa kufanya, na mimi nitasema maoni yangu wazi: kama unatumia kompyuta kutazama filamu, kusikiliza mawaidha na kuandika barua, ishia hapa, uruke moja kwa moja hadi hatua ya 10. Draiva ya jumla haina mapambo, haina kurasa za kurekebisha besi, na kwa sababu hiyo haina mengi ya kuharibika. Utakachoweza kukosa ni vipengele vya kampuni vya kupunguza kelele, na kwenye baadhi ya laptopu za Intel, kipaza sauti cha ndani. Mwenye vikao vya mtandaoni kila siku aendelee na hatua ya 9.

Ikiwa draiva ya jumla imeonekana bila alama ya njano lakini kimya, usikate tamaa. Baadhi ya laptopu zina kikuza sauti cha spika ambacho hakiamki bila draiva ya kampuni.

## Hatua ya 9: Sakinisha kwa mpangilio

Chipset kwanza, washa upya. Kisha Intel Smart Sound kama ni faili ya peke yake, washa upya. Audio mwisho, washa upya. Mpangilio huu una maana: kila moja inaandaa njia ya inayofuata. Wale walioandika “Multimedia Audio Controller” kwenye karatasi yao, tatizo lao kwa kawaida linaisha kwenye ya kwanza au ya pili, na ghafla Realtek inajitokeza yenyewe.

Endesha kila faili kwa kubofya kulia na kuchagua “Run as administrator”. Za HP zenye majina ya sp na tarakimu hujifungua kwanza kwenye folda ya `C:\SWSetup`, kwa hiyo ukiona dirisha limefunguka na kufunga bila lolote, katazame humo.

Kisakinishi kikikataa kwa kusema kompyuta haihusiki, kiamini. Unaweza kuthibitisha mwenyewe: fungua faili inayoishia na `.inf` kwa Notepad, utafute DEV na SUBSYS ulizonakili. Zisipokuwemo, draiva hiyo haikutengenezwa kwa ajili yako. Zikiwemo na kisakinishi bado kinagoma, kipitie pembeni:

`pnputil /add-driver D:\sauti\*.inf /subdirs /install`

Wenye prosesa za Intel kizazi cha 11 watazame jambo moja zaidi. Matoleo 10.29.0.5152 na 10.30.0.5152 ya Intel Smart Sound yalijulikana 2022 kuangusha Windows 11 kwa skrini ya bluu. Yaliyorekebishwa ni 10.29.00.5714 na 10.30.00.5714 kwenda mbele. Usidhani kwamba 30 ni mpya kuliko 29. Ni njia mbili tofauti, kinachohesabika ni tarakimu za mwisho.

Ukifaulu utaona Realtek chini ya “Sound” bila njano, Driver Version ikilingana na uliyoipakua, na msalaba mwekundu umeondoka. Usishangilie bado. Hapa ndipo ulipokuwa umefika mara zote zile.

## Hatua ya 10: Funga mlango

Kabla ya kurudisha intaneti, Windows na R, `sysdm.cpl`, kichupo cha Hardware, Device Installation Settings. Chagua No, kisha Save Changes.

Wenye Windows Pro wana kufuli imara zaidi. Windows na R, `gpedit.msc`, kisha Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Windows Update. Tafuta “Do not include drivers with Windows Updates”, uiweke Enabled. Kwenye Windows 11 imo ndani ya folda ya “Manage updates offered from Windows Update”. Kufuli hiyo haizuii masasisho ya usalama. Draiva ndizo zitakazobaki nje.

Home haina `gpedit`. Kwa hiyo washa intaneti, uende haraka Settings, Windows Update, ubofye Pause updates kwa wiki moja ili ujaribu kwa utulivu. Baada ya hapo ruhusu masasisho tena, ila ukiingia Advanced options, Optional updates, usiweke tiki kwenye chochote cha sauti chini ya “Driver updates”.

Draiva ya zamani ikirudi licha ya yote hayo, fungua kifaa kwenye Device Manager, kichupo cha Driver, ubofye “Roll Back Driver”. Kitufe kikiwa kimefifia, rudia hatua ya 7 kwa ile iliyoingia tu. Safari hii ni kazi ya dakika tano.

Wenye Realtek mpya wanaweza sasa kuchukua Realtek Audio Console kutoka Microsoft Store. Si lazima.

## Hatua ya 11: Jaribu kama mtu asiyeamini

Restart mara mbili. Kisha Shut down ya kawaida, washa. Kisha ilaze kwa Sleep, dakika kumi, iamshe. Chomeka hedifoni wimbo ukiendelea, chomoa, uone kama sauti inahama na kurudi. Jirekodi kwa Sound Recorder; kwenye Windows 10 ni Voice Recorder. Kipaza sauti kikiwa kimya tazama kwanza Settings, Privacy, Microphone, huenda kimezuiwa tu. Mwisho andika Driver Version kwenye karatasi, uiache kompyuta na intaneti usiku mzima. Asubuhi linganisha Driver Version na uliyoandika kwenye karatasi. Namba ni ileile na sauti ipo? Imeisha.

## Kama bado imegoma

Huduma za sauti. Windows na R, `services.msc`. “Windows Audio” na “Windows Audio Endpoint Builder” zote ziwe Running, na Startup type iwe Automatic.

Faili za Windows. Kwa Command Prompt ya Administrator, moja baada ya nyingine, intaneti ikiwepo:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`

`sfc /scannow`

BIOS, yaani programu ya ubao inayoanza kabla ya Windows. Kadi isipoonekana popote kwenye Device Manager, huenda imezimwa huko. Unapowasha, HP huingia kwa F10, Dell kwa F2, ThinkPad kwa F1. Tafuta Audio, iwe Enabled. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, uwe na ufunguo wake wa dharura mkononi kabla hujabadilisha chochote.

Sauti ipo ila inakwaruza. Hilo ni tatizo jingine. Zima Audio enhancements, kisha zima Wi-Fi kwa dakika moja usikilize. Mikwaruzo ikiisha, draiva inayokula muda wa prosesa ni ya Wi-Fi.

Je, ni kadi yenyewe imekufa? Weka Ubuntu au Linux Mint kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Hamisha kwanza akiba na draiva zako, maana flashi itafutwa yote. Anzisha kompyuta nayo, chagua kujaribu bila kusakinisha, ucheze sauti. Ikitoka, chipu ni nzima na kosa liko ndani ya Windows. Isipotoka hapo, kwenye draiva ya jumla, wala kwenye ya kampuni, mpelekee fundi wa bodi umwambie hayo matatu, atakuokolea muda na wewe fedha.

Au nunua kijikadi cha sauti cha USB, kile chenye matundu mawili ya hedifoni na kipaza sauti. Kinatumia draiva ya USB iliyomo ndani ya Windows, ukikichomeka kinaongea. Ukishakizoea, nenda Device Manager uiweke ile kadi ya ndani Disable. Usiifanyie Uninstall, maana Windows itaiona tena ikiwaka na kuirudisha.